Mpango Unaopita Mikononi mwa Wengine

Mhadhara wa umma uliotolewa Tumba, Botkyrka, kusini mwa Stockholm



Mada niliyopewa, mpango wa Mungu, tunaitamka sote kila siku. Tukipanga safari tunasema Mungu akipenda, au inshallah. Tukifiwa tunasema kazi ya Mungu haina makosa. Tukikosa kazi tuliyoiomba tunasema haikuwa riziki yetu. Lakini tazameni tunavyoishi. Jina letu kule nyumbani, nyumba tunayoijenga kijijini, cheo kanisani au msikitini, shahada ya mtoto, picha tunazozituma kwa ndugu: hayo tumeyakumbatia, na mpango wa Mungu tumeuachia ulimi. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame jioni hii, na nitapitia njia ya historia, kwa kuwa ndiyo ninayoifundisha. Mahubiri yana wenyewe.

Nianze na mahali tulipo. Tumba imo katika manispaa ya Botkyrka, na manispaa hii imepewa jina la kanisa la mtu aliyeitwa Botvid. Ndiye yule aliyemo kwenye nembo ya manispaa, mwenye shoka na samaki. Simulizi za kale zinasema alizaliwa maeneo haya, akasafiri hadi Uingereza kwa biashara, akaupokea Ukristo huko, akarudi kuwafundisha watu wa Södermanland wakati wengi wao wakiabudu bado miungu ya mababu zao. Akamnunua mtumwa mmoja, mateka kutoka ng'ambo ya Bahari ya Baltiki. Akamfundisha dini, akambatiza, akamwacha huru. Kisha akaona amrudishe kwao kwa mashua, ili mtu yule akawahubirie ndugu zake kwa lugha yao wenyewe.

Wakaondoka, wao wawili na rafiki mmoja. Usiku wakatia nanga wakalala. Yule aliyeachwa huru akaamka, akachukua silaha, akawaua wote wawili, akatoweka na mashua. Mwaka unaotajwa kwa desturi ni 1120. Mwaka 1129 mwili wa Botvid ulihamishiwa katika kanisa lililojengwa kwa ajili yake, na mahali hapo pana kanisa hadi leo.

Mimi sina haraka ya kumlaumu yule muuaji. Simulizi haikumhifadhia hata jina. Haituambii kama aliulizwa anataka kurudi kwao akiwa nani: mtoto wa nyumbani aliyepotea akaonekana, au mjumbe wa dini ya mtu aliyemnunua sokoni. Mateka anayeamka usiku na kushika silaha ana hesabu zake. Nalisema hili mapema ili tusije tukadhani kwamba kila mpango uliobandikwa jina la Mungu ni wa Mungu, hata pale mwenye kuupanga anapokuwa na nia njema kama ya Botvid.

Sasa turuke zaidi ya miaka 700, twende pwani yetu.

Mwaka 1844 alifika Mombasa mmisionari mmoja Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, pamoja na mkewe Rosine. Watu wa Kiswahili tunamjua Krapf kwa kamusi yake. Lakini kamusi siyo iliyomleta. Alikuwa akiwatafuta Waoromo, watu wa upande wa Ethiopia. Aliwahi kukaa Shoa, Ethiopia, njia ya kurudi huko ikafungwa, naye akapiga hesabu kwamba akiingilia kusini, kupitia kwetu, atawafikia. Julai ya mwaka huo huo Rosine akafa kwa homa, na kichanga walichokuwa wamejaliwa siku chache tu kabla kikamfuata mama yake. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf akabaki. Mwaka 1846 akaanzisha kituo Rabai pamoja na mwenzake Rebmann. Mwaka 1850 kikatoka kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. Kamusi ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Safari ya kwenda kwa Waoromo haikutimia kamwe, na mimi na ninyi tunaendelea kula matunda ya safari ile iliyokwama pwani.

Ningeweza kuishia hapo, niseme mnaona, Mungu alikuwa na mpango wake. Ndivyo wengi wanavyohubiri: walilokusudia likashindikana, kumbe kulikuwa na lililo bora zaidi. Naogopa maneno hayo yakisemwa upesi. Rosine hakufa ili mimi nipate kamusi. Mtu akisimama kando ya kaburi la mama na mtoto wake akaanza kugawa faida, ameanza kumsemea Mungu ambaye hakumtuma. Ninachoweza kukisema kwa haki ni kwamba Krapf, njia ilipofungwa, hakuiacha kazi iliyokuwa mbele yake kwa sababu haikuwa ile aliyoiota. Hilo ni tendo la mtu, tunaweza kuliona. La Mungu ndani yake tunaliamini. Hatuwezi kulipigia hesabu.

Krapf aliporudi Ulaya hakuacha kuwasemea Waoromo, na miongoni mwa waliomsikiliza walikuwamo Waswidi. Hapa Stockholm, mwaka 1856, ilikuwa imeanzishwa jumuiya ya Kilutheri iitwayo Evangeliska Fosterlandsstiftelsen, na mwaka 1862 ikafungua chuo chake cha wamisionari, Johannelund. Mwaka 1866 watu wake wa kwanza walishuka Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu, wakiwa na lengo moja: Waoromo. Hawakufika. Wakajikuta wamekaa kwa Wakunama, magharibi mwa Eritrea ya leo. Homa ikawapukutisha, na wengine wakauawa. Kwa karani aliyekaa Stockholm akisoma barua zile, ilikuwa hasara tupu: makaburi, gharama, na hakuna Moromo aliyefikiwa.

Waoromo wakaja wenyewe, wamefungwa minyororo.

Massawa ilikuwa mlango wa biashara ya watumwa wanaovushwa kwenda Arabia. Miongoni mwa waliopitishwa pale alikuwamo kijana aliyeitwa Hika, aliyezaliwa karibu mwaka 1856 magharibi mwa Ethiopia ya leo. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Watekaji wakamchukua, akauzwa na kuuzwa tena, mkono hadi mkono, mpaka akafika pwani. Mwaka 1870 akakombolewa na Werner Munzinger, Mswisi aliyekuwa na madaraka pale Massawa, akakabidhiwa kwa shule ya Waswidi. Siku ya Pasaka mwaka 1872 akabatizwa kwa jina la Onesimos, kama yule mtumwa ambaye Paulo alimwandikia Filemoni barua kumwombea. Mwaka 1876 akaletwa Stockholm, katika chuo cha Johannelund, akasoma miaka mitano.

Kijana aliyewahi kuwa mtumwa anasoma kando ya jiji hili, akijiandaa kurudi kwao akawafundishe watu wake kwa lugha yao. Je, hamuoni kwamba huo ndio mpango wa Botvid? Ule ule, uliokufa usiku ule walipotia nanga. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: safari hii anayetaka kurudi ni aliyetekwa mwenyewe. Hakuna aliyemrudisha. Anarudi.

Sitaki mdhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Mwaka 1881 Onesimos alirejea Massawa, akamwoa Mehret Hailu, na msafara ukaondoka kwenda kwa Waoromo kupitia Sudan. Wakafika karibu na mpaka wa Ethiopia, wakakwama. Sudan ilikuwa inawaka moto wa vita vya Mahdi. Wakarudi wagonjwa. Katikati ya miaka ya 1880 wakajaribu upande mwingine, kutokea Ghuba ya Tadjoura, wakafika Shoa, na mfalme wa huko, Menelik, akawazuia kuendelea. Wakarudi tena. Mtu huyu ana miaka karibu 30, ana elimu ya Ulaya, ana mke, ana wito ambao Wazungu na Waafrika wote wanaukubali, na mlango umefungwa usoni pake mara mbili. Nyumbani kwao hakuna anayejua kama yu hai.

Akakaa kitako M'kullu, nje kidogo ya Massawa, akashika kalamu. Kama miguu haifiki, yatafika maneno. Ndipo likajitokeza jambo lililomdhalilisha kuliko mipaka yote: lugha yake haikumtosha. Alitekwa akiwa mtoto. Miaka yake ya kukua aliitumia katikati ya lugha nyingine. Mtu aliyesifiwa Stockholm kuwa mtume wa Waoromo alihitaji kuazima Kioromo.

Aliyemwazima ni msichana. Aster Ganno alizaliwa karibu mwaka 1872, akaingizwa utumwani, na mwaka 1886 chombo kilichokuwa kikimpeleka yeye na wenzake Arabia kikakamatwa na wanamaji wa Italia. Wakakabidhiwa kwa Waswidi wa M'kullu. Aster akasoma, akamaliza, akaingizwa katika kikundi cha lugha kilichomzunguka Onesimos. Kazi yake ilikuwa kukumbuka. Alikusanya orodha ya maneno kama 15,000 ya Kioromo, pamoja na mamia ya nyimbo, methali, vitendawili na hadithi, nyingi kutoka kichwani mwake mwenyewe. Mnaofanya kazi ya ukalimani hapa Uswidi, mahakamani na hospitalini, mnaujua uzito wake. Kufasiri Biblia ni kuulizwa maswali madogo mwaka hadi mwaka: mchungaji anamwitaje kondoo aliyebaki nyuma, mama anasemaje anapomsamehe mtoto mbele ya wageni, unga uliochachuka unaitwaje, mtu aliyevunjika moyo anasema nini kimemvunjika. Majibu hayako kwenye kitabu chochote. Yako kwa mtu aliyeyasikia jikoni kabla hajaibwa. Watekaji walimnyang'anya Aster kila kitu isipokuwa hayo, na hayo ndiyo aliyoyatoa.

Agano Jipya la Kioromo lilichapwa mwaka 1893. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha kujifunzia kusoma, chenye hadithi na methali alizozikusanya Aster. Mwaka 1899 Biblia nzima ikachapwa St. Chrischona, karibu na Basel, Uswisi. Ukurasa wa mbele ulimtaja Onesimos. Jina la Aster halikuwekwa. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu linanisumbua.

Kwanza nimalize safari. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Boji, katika Wollega, nchi ya Waoromo, ikafikiwa. Hakufika Onesimos. Alifika padri kutoka nyanda za juu za Eritrea, Gebre Ewostateos, pamoja na wenzake, na miongoni mwao walikuwamo Waoromo waliokombolewa utumwani. Padri huyu alikuwa amelelewa katika Kanisa la Kiorthodoksi, na lugha ya mama yake haikuwa Kioromo. Alikwenda na vitabu ambavyo Onesimos na Aster walivikalia miaka mingi, akaanza kuvisoma mbele ya watu. Onesimos alifika mwaka 1904. Hebu wazeni alichokikuta. Miaka zaidi ya 20 amewania kuwa wa kwanza kuingia kwao na neno, na anaingia akiwa mgeni aliyetanguliwa. Kazi imeanza, imeanzwa na mwingine, kwa kitabu chake mwenyewe.

Mwaka 1905 moto ulizuka Boji, na Gebre Ewostateos akafa humo. Onesimos akaendelea, kisha akahamia Nekemte. Mwaka 1906 makasisi wakamshtaki, akapelekwa Addis Ababa mbele ya Abuna, mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la huko, na kwa miaka kadhaa akawa amefungwa mdomo: alikaa kwao alikotamani kukaa, lakini hakuruhusiwa kuhubiri hadharani. Mwaka 1916 mtawala wa Ethiopia, Lij Iyasu, akamruhusu kufundisha. Akafariki mwaka 1931. Mwaka 1959 makanisa yaliyochipuka kutokana na kazi ile na kazi za misioni nyingine yakaunda Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus la Ethiopia, ambalo leo lina waumini zaidi ya milioni 10, na ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu, na hiki ndicho ninachokiamini. Onesimos alikuwa na makusudi makubwa. Wanaosema kumtumaini Mungu ni kutokuwa na makusudi wamesoma vibaya. Alijaribu njia mbili za hatari, akasoma, akaandika, akabishana na wakubwa. Alichokiachilia ni vitu viwili: njia, na nafasi yake mwenyewe katika hadithi. Lengo alilishika mpaka mwisho. Mtihani uko hapo. Jambo ulilolipigania maisha yako likitimia kwa mkono wa mwingine, moyo wako utafurahi au utauma? Ukiuma, basi ulichokitaka kilikuwa jina lako, na jambo lenyewe lilikuwa punda wa kulibeba.

Tuna andiko moja tunalolipenda mno sisi watu wa ughaibuni. Linabandikwa ukutani, linaandikwa kwenye keki za mahafali: lile la Yeremia 29, Mungu anaposema anayajua mawazo anayotuwazia. Tunalisoma kana kwamba ni barua ya kukubaliwa kazi. Lakini barua ile waliandikiwa watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli, na mstari ulio juu yake kidogo unataja miaka 70. Hesabuni. Mtu mwenye miaka 30 aliyesomewa barua ile hakurudi Yerusalemu. Aliambiwa ajenge nyumba, apande bustani, aoze wanawe, auombee amani mji aliopelekwa. Mpango ulikuwa mwema na ulikuwa wa kweli, na wengi walioahidiwa walikufa kabla haujatimia. Manabii waliowaahidi kurudi upesi ndio waliokuwa waongo. Kila nikisikia mhubiri akimwahidi kijana wetu kwamba mwaka huu ni mwaka wake wa kuinuliwa, nawakumbuka hao.

Ndugu zetu Waislamu wana fundisho la Mtume kuhusu bedui na ngamia wake, kwamba amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Linafaa kusomwa pamoja na barua ya Yeremia. La kwanza linamzuia mtu asiuite uvivu wake tawakali. La pili linamzuia asiyaite matakwa yake ahadi.

Tuje kwetu, hapa Botkyrka. Tunawajua walimu wakuu kutoka Kigoma na Bukavu ambao leo wanawaogesha wazee katika nyumba za kutunzia wazee. Tunawajua wahasibu wanaofagia ofisi alfajiri. Baadhi yao wanaona aibu kubwa, na aibu hiyo inalishwa na simu kutoka nyumbani: mwenzako fulani sasa ni mkurugenzi, wewe huko Ulaya umekuwa nani? Basi mtu anakopa ajenge ghorofa ambalo hatalala ndani yake. Mwingine anaanzisha kanisa la watu 12 na kujipa cheo cha askofu, kisha mtume, kwa sababu kule kazini anaitwa kwa jina lake la kwanza na mtu wa miaka 22. Nayaelewa maumivu hayo, siyacheki. Mtu aliyevuliwa heshima yake yote uwanja wa ndege atatafuta popote pa kuivaa tena. Lakini nawaambia kwa upendo: mzee wa Kiswidi anayeogeshwa kwa mikono yenye adabu, akafungwa vifungo vyake pole pole, akaulizwa amelalaje, anapokea kazi kamili. Haikosi chochote mbele za Mungu kwa sababu haisimuliki vizuri kwenye simu. Na kama ualimu ulikuwa wito wako, Kiswidi kisome, vyeti vyako vipeleke vikatathminiwe, mlango ubishe. Onesimos alibisha miaka 20. Usingoje tu kufunguliwa ndipo uanze kuwa mtu.

Tumba ina fundisho lake katika hili. Tangu mwaka 1755 Benki Kuu ya Uswidi ilikuwa na kiwanda hapa cha kutengenezea karatasi ya noti, na mji huu ulikua kando ya kiwanda hicho. Mwaka 2015 ilitoka noti mpya ya kronor 1,000, yenye sura ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola akiwa njiani kukutana na Tshombe, kiongozi wa Katanga, kutafuta usitishaji wa mapigano huko. Ndugu zangu Wakongo mna neno lenu juu ya Umoja wa Mataifa wa siku zile na kuuawa kwa Lumumba Januari ya mwaka huo huo. Neno hilo lina haki yake, na silifuniki kwa sifa za Mswidi huyu. Ninachotaka kukitaja ni daftari lililokutwa nyumbani kwake New York baada ya kifo chake, likachapwa mwaka 1963. Waliomfanyia kazi walishangaa. Walitarajia kusoma habari za Suez, za Kongo, za wakubwa aliokutana nao. Karibu hayamo kabisa. Yamo mazungumzo ya mtu na Mungu wake juu ya kujitoa, kukubali kutumwa, na kupigana na hamu ya kusifiwa. Miaka yote ile ya mikutano, karibu hakuna aliyejua.

Mkiishika noti mkaielekeza kwenye mwanga, mtaona sura ndani ya karatasi yenyewe. Haikuchapwa kwa wino. Ilitiwa wakati karatasi ilipokuwa bado rojo la nyuzi za pamba na maji: nyuzi hutua juu ya wavu uliochongwa umbo, hapa zikirundikana, pale zikipungua, na karatasi ikikauka sura inakuwa ni unene wa karatasi yenyewe. Wino waweza kufutika, ile haifutiki. Utii wa Hammarskjöld ulikuwa wa namna hiyo. Jina lake la hadharani lilikuja juu yake baadaye, na hata lisingekuja, mtu yule angekuwa yule yule.

Nilisema nitarudi kwa Aster, na hapa ndipo nitakapomalizia, kwa sababu bila yeye yote niliyoyasema yanaweza kugeuzwa silaha. Mahubiri ya kutotafuta sifa wamehubiriwa mno watu wasio na sifa yoyote. Mama anapika ibada nzima, jina linalotangazwa ni la mwenyekiti. Kijana anafunga vyombo vya muziki mpaka saa sita usiku, anaambiwa thawabu yake iko mbinguni, na anayemwambia hivyo anapewa bahasha. Kukosekana kwa jina la Aster kwenye ukurasa wa Biblia ya 1899 hakukuwa unyenyekevu wake. Ilikuwa dhuluma, hata kama waliomdhulumu hawakujua. Unyenyekevu ni wangu kuuchagua kwa ajili yangu. Siwezi kuuchagua kwa niaba yako. Jina langu naweza kumwachia Mungu, lakini la kwako niko chini ya deni la kulitaja. Aster aliendelea kufundisha Wollega, akaishi mpaka mwaka 1964. Alikuwa hai mwaka 1959 kanisa lile lilipoundwa. Watafiti waliokuja kusisitiza kwamba yeye ni mfasiri mwenza walikuja baadaye.

Basi nina ombi kwa vyama vyetu, makanisa yetu na misikiti yetu hapa Tumba, Alby, Fittja na Hallunda. Tuna daftari za kumbukumbu za mikutano zinazoandika nani alifungua kwa sala na nani alikuwa mgeni rasmi. Kuanzia mkutano ujao, tuandike pia nani alipika, nani aliwalea watoto chumba cha pili ili wazazi wasikilize, nani alikwenda na mgeni wetu kwenye ofisi ya uhamiaji akamfasiria bila malipo. Tuandike majina mawili, la kwanza na la ukoo, kwa herufi sahihi. Wengi wao watasema hapana haja, mwenyekiti. Tuandike hivyo hivyo. Na sisi tuliozoea kutajwa, tukae mkutano mmoja mzima tukiwa tumeshika vikombe vya chai, tusikilize majina yao yakisomwa.